Neno la Mwongozaji

Wasomaji wetu watuwie radhi iwapo makala inayokusudia kuzungumzia wajibu wa mwalimu itaanzia mbali mno na darasa, katika uwanda wa mawe na mvuke kaskazini mwa nchi ya Chile, alfajiri moja ya mwezi wa Agosti 2018, wakati baridi ilipokuwa imetushika hata tukashindwa kufunga vifungo vya makoti yetu. Swali tunalotaka kuliuliza lilituzukia huko. Tulirudi nalo Uganda, nasi tumekaa nalo miaka kadhaa pasipo kulimaliza. Nalo ni hili: mtu anayewaongoza wengine mahali wasipopajua, je, ana ruhusa ya kulitia neno lake sukari?

Mkutano wa walimu wa lugha ulikuwa umetupeleka Santiago, pamoja na mwalimu mwenzetu mmoja aliyetutangulia kazini kwa miaka mingi, ambaye kwa heshima hatujapata kumwita kwa jina lolote ila Mwalimu. (Msomaji asichanganyikiwe: tusemapo "sisi" mara nyingi tuna maana ya mwandishi peke yake. Ni desturi ya kurasa hizi, na katika habari hii ina faida ya kutuficha kidogo.) Mkutano ulipokwisha zilibaki siku nne. Tukapanda ndege hadi Calama, na kutoka hapo basi hadi mji mdogo wa San Pedro de Atacama, ulioko jangwani mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko kila mgeni huulizwa kama amekwisha kwenda kuziona chemchemi za El Tatio, na asiyekwenda huonekana kama mtu aliyefika Mombasa asiione bahari.

Uwanja wa El Tatio uko mita 4,320 juu ya usawa wa bahari. Msomaji wa Uganda ataifahamu tarakimu hiyo tukimkumbusha kuwa Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima Elgon, ni mita 4,321. Mwalimu ni mzaliwa wa Mbale. Ameishi chini ya mlima huo tangu utoto wake wala hakuwahi kuupanda. Sasa, karibu na kustaafu, alipandishwa kimo kile kile kwa gari, akisinzia, katika bara jingine. Jambo hilo lilimchekesha njia nzima, mpaka kichwa kilipoanza kumgonga kwa uchache wa hewa.

Tulitoka San Pedro saa kumi za usiku, kama watokavyo watalii wote. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, mzaliwa wa Santiago, mchangamfu, mwenye sauti njema na adabu. Gari lilipoanza kupanda, alizima taa ya ndani, akasema kwa Kihispania na kisha kwa Kiingereza:

"Tatio ni neno la Kikunza, lugha ya wenyeji wa jangwa hili. Maana yake ni babu anayelia. Babu huamka alfajiri kwa baridi, akalia. Jua likimpiga hutulia, akalala. Ndiyo sababu tunakwenda mapema."

Gari zima likanyamaza. Ilikuwa hadithi nzuri, iliyosemwa gizani kwa sauti ya chini, na hapana shaka kila aliyekuwamo aliiweka moyoni. Lakini sisi tulikuwa tumesoma kabla ya safari, na kusoma kidogo ni mzigo mbaya kwa mwalimu. Tulijua kwamba neno hilo limefasiriwa namna nyingi: wako walioandika kuwa maana yake ni tanuri, wako waliosema ni kutokea, wengine kuungua, na wengine babu. Tulijua pia kuwa Kikunza hakina tena mtu anayekisema kama lugha ya mama. Orodha za maneno zilizochapwa katika miaka ya 1890, majina ya mahali, na nyimbo za sherehe ya kusafisha mifereji ya maji ndizo sehemu kubwa ya kilichosalia. Tena tulijua kuwa chemchemi zile hazilali. Huruka mchana na usiku, kila moja kwa majira yake. Kinachobadilika ni hewa tu. Alfajiri baridi huugeuza mvuke kuwa wingu jeupe la matone madogo, likasimama kama mnara na kuonekana toka mbali. Jua likichomoza, hewa kavu ya jangwa huunywa mvuke ule, na jicho likadhani kazi imekwisha.

Tukainama kwa Mwalimu, tukamnong'oneza kwa Kiswahili: "Mwalimu, huyu kijana anatupamba. Nusu ya maneno yake si kweli."

"Hata mimi nimemshuku," akajibu. "Anasema kama mwuza dawa sokoni."

Tukacheka chini kwa chini. Hakuna aliyetufahamu. Lugha ambayo katika kila mkutano tunaisifu kuwa ni daraja la watu, usiku ule tulikuwa tumeifanya pazia.

Langoni tulilipa kiingilio. Utalii wa mahali pale unasimamiwa na jamii mbili za wenyeji, za vijiji vya Caspana na Toconce, watu wa kabila linalojiita Lickanantay. Karibu na dirisha la malipo aliketi mama mmoja mzee, amejifunika mablanketi. Kwa msaada wa mtalii aliyejua Kihispania tukamwuliza nini maana ya Tatio. Akatutazama kana kwamba tumemwuliza maana ya jina la mwanawe. "Tatio ni Tatio," akasema, akageukia watu waliokuwa nyuma yetu. Wakati ule tulilihesabu jibu lake kuwa si jibu.

Kabla ya kushuka garini mwongozaji alisimama akatukabili. Akasema, kwa sauti ile ile ya kwanza na tabasamu lile lile: "Rafiki zangu, msivuke mistari ya mawe. Ardhi hapa ni kifuniko chembamba, na chini yake maji yanachemka. Babu hapendi kukanyagwa usoni."

Watalii wakacheka. Tunaomba msomaji akumbuke kicheko hicho.

Sasa tueleze mahali penyewe. El Tatio ni uwanja mkubwa wa tatu duniani wa chemchemi za namna hii, baada ya Yellowstone ya Marekani na bonde moja la Kamchatka nchini Urusi, na ndio mkubwa kuliko zote kusini mwa ikweta. Zipo chemchemi hai zaidi ya themanini. Mtu anayetazamia maji yarukayo kama mti wa mnazi atavunjika moyo, maana nyingi hazifikii hata mita moja, na ni chache zinazopanda mita kadhaa. Mvuke ndio unaopaa. Kwa kuwa mahali ni pa juu na hewa ni nyepesi, maji huchemka yakifika joto la digrii 86, si 100 kama pwani. Zamani waongozaji walikuwa wakichemsha humo mayai na maziwa ya watalii, jambo ambalo halitamshangaza aliyewahi kufika Sempaya, kwenye hifadhi ya Semuliki chini ya milima ya Rwenzori, ambako nasi tumekula mayai yaliyopikwa na ardhi.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni sakafu. Maji yale yanapotoka chini huwa yameyeyusha madini ya jamii ya yale yanayofanyiza mchanga na kioo. Yakipoa na kukauka juu, madini hubaki nyuma, tabaka juu ya tabaka, yakafanya ukoko mweupe na wa kijivu kama ule wa wali uliounguzwa chunguni. Pengine ukoko huo ni mzito kiasi cha kubeba gari. Pengine ni mwembamba kama kaki, na chini yake pana uwazi uliojaa maji yanayotokota. Kwa macho yote mawili ni mamoja. Hakuna rangi inayotofautisha wala sauti inayoonya. Wamekufa watu mahali pale kwa kutumbukia katika maji hayo. Mistari ya mawe imewekwa na watu wanaojua, na asiyejua hana njia ya kuhakikisha ila ile moja ambayo haifai kujaribiwa.

Tulitembea kati ya mistari hiyo kwa muda wa saa moja. Jua likachomoza nyuma ya milima. Ikawa kama tulivyosoma: minara ya mvuke ikapungua, ikawa nyuzi, kisha mingi ikatoweka machoni. Uwanja uliokuwa wa kutisha ukafanana na machimbo yaliyoachwa baada ya mvua. Watu wakala mkate na jibini, wakanywa chai ya majani ya koka, wakaanza kupiga picha za kuagana.

Mwalimu alitaka picha karibu na dimbwi moja dogo lililotulia, lenye rangi nzuri ya chungwa pembeni. Akavuka mawe. Hatua moja, mbili, tatu. Tulimwona. Nafasi ya kumwita tulikuwa nayo. Hatukumwita, kwa kuwa nasi tulikuwa tumekwisha kuyatia mawe yale katika fungu moja na babu.

Ukoko ulivunjika kwa mlio mdogo kama wa biskuti. Mguu wake wa kulia ukazama kupita kifundo. Alipiga ukelele mmoja tu. Mwongozaji alikuja mbio, na katika kimo kile hakuna mtu akimbiaye kwa urahisi. Akamvuta kwa kupitia alikojua pana nguvu, akakata kamba za kiatu kwa kisu, akavua soksi taratibu, akaagiza maji yote ya kunywa yaliyokuwa garini yamwagwe juu ya mguu, yasibakizwe. Alifanya yote yaliyopasa kufanywa, wala mkono wake haukutetemeka. Alipomaliza kuufunga mguu kwa kitambaa safi alituinulia uso. Hakuwa na hasira. Akauliza: "Ni neno gani nililosema ambalo hamkuliamini?"

Hatukumjibu. Mwalimu alinyamaza kwa maumivu, sisi kwa aibu.

Mguu ulipona. Ilichukua siku tisa za kitanda huko Calama na miezi mingi ya kuchechemea huku nyumbani, na umebaki na kovu linalomfanya avae soksi hata wakati wa joto. Siku ya tatu hospitalini alitueleza jinsi alivyofikiri pale penye mawe, akasema bila kumlaumu mtu: "Nilijiambia hivi. Kama kijana anasema kweli, basi babu amelala na hapana hatari. Kama anasema uongo, basi na mawe ni uongo vilevile. Ndugu yangu, kila njia niliyoifuata ilinifikisha pale pale."

Tumewasimulia walimu wengi kisa hiki. Wengi wao husema kosa ni la Mwalimu: ni mtu mzima, mawe aliyaona, onyo alilisikia kwa lugha anayoijua. Hatuwezi kulikanusha hilo. Wachache, wenye macho makali, husema kosa ni letu, nao pia hatuwakanushi; mtu akikuta tundu dogo katika ukuta wa mwenzake hapaswi kuukimbilia kwa nyundo, na sisi tulitumia tundu dogo la neno Tatio kuuangusha ukuta mzima. Kumpata mtu na kosa moja hakumfanyi aliyempata kuwa sawa naye kwa elimu. Yule kijana hakuijua Kikunza, lakini uwanja aliujua. Sisi hatukujua lolote kati ya hayo mawili.

Hata hivyo lile swali la kijana haliturudii sisi peke yetu. Linamrudia na yeye. Alituuliza ni neno gani hatukuliamini, na jibu la haki lingekuwa hili: hatukujua lipi kati ya maneno yako ulitaka liaminiwe. Babu anayelia, babu aliyelala, babu asiyependa kukanyagwa, ardhi iliyo kifuniko, maji yachemkayo, yote yalitoka katika kinywa kimoja, kwa sauti moja, kwa tabasamu moja. Onyo lililotakiwa kuokoa mguu wa mtu lilivishwa nguo za hadithi, likachekwa kama hadithi. Tena, na hili ndilo zito, hadithi yenyewe ililipinga onyo. Aliyeambiwa kuwa chemchemi hulala jua likipanda ameambiwa, bila msemaji kukusudia, kwamba baada ya jua hatari imepungua.

Yako mambo ambayo neno la mwongozaji likikosea hayamdhuru mtu, kwa kuwa macho ya msikilizaji yatalisahihisha. Ukiambiwa mlima ule ni mwekundu, utautazama. Lakini yako mengine ambayo hayana shahidi ila neno. Ukoko wa El Tatio ni mmoja wapo, na maji ni mengine. Mto unaopokea maji ya uwanja ule, Salado, hutiririka hadi mto Loa, na maji ya upande huo wa milima yana aseniki nyingi itokayo katika miamba ya volkano. Mwaka 1958 mji wa bandari wa Antofagasta ulianza kuletewa maji kutoka mto Toconce, kijito cha Salado. Yalikuwa maji maangavu. Aseniki haina rangi wala ladha. Kila lita ilikuwa na maikrogramu zaidi ya 800, ilhali kiwango kinachoshauriwa leo na Shirika la Afya Duniani ni 10. Katika miaka ya 1960 waganga walianza kuona madoa na ugumu wa ngozi kwa watoto. Mtambo wa kusafisha maji uliwekwa mwaka 1970, lakini kwa miongo iliyofuata watu wa mji ule waliendelea kufa kwa saratani ya mapafu na ya kibofu kupita watu wa mahali pengine. Walikunywa kwa kuamini bomba, kama tunavyoamini sisi sote. Mnywaji hana maabara katika bilauri yake.

Kijana wetu hakulitaja jambo hili, wala hatumlaumu. Nani atamhadithia mtalii saratani kabla ya chai? Tunalileta kwa sababu linaonyesha ukubwa wa amana inayobebwa na mtu asemaye juu ya jambo ambalo wenziwe hawawezi kulipima. Mtu kama huyo hana budi kuichunga sauti yake kuliko wasemaji wengine, kwa maana sauti hiyo ndiyo macho ya wote waliomfuata.

Je, basi asisimulie? Hapa ndipo tunapokwama. Tukiwa wakweli, tarakimu zote tulizozitaja hapo juu ilitubidi kuzisoma upya tulipoandika, lakini babu anayelia hatujamsahau hata siku moja. Bila yeye tungeliona mvuke tu. Na ni nani aliyetupa sisi, wageni wenye kitabu mkononi, mamlaka ya kumhukumu babu? Orodha zile za maneno ya Kikunza zilikusanywa wakati lugha inakata roho. Wenyeji wa Caspana na Toconce wamewaona wengi waliokuja na karatasi za kuwaeleza mahali pao. Mwezi Septemba 2009 kisima kilichochimbwa humo kutafuta nguvu za mvuke kililipuka, kikarusha mvuke mita 60 hivi angani, mradi ambao wenyeji walikuwa wakiupinga, ukasimamishwa. Labda yule mama wa langoni, aliposema Tatio ni Tatio, ndiye peke yake siku ile aliyesema alichokuwa na hakika nacho.

Lugha yetu inazo njia za kulitatua jambo hili, na hapo ndipo tunapopenda walimu wenzetu watusikilize. Msimulizi wa Kiswahili haingii katika hadithi kimya kimya. Husema "Paukwa!" akangoja aitikiwe "Pakawa!". Maneno hayo mawili ni mlango. Aliyeitikia ameridhia kuingia mahali ambapo sungura husema na jua hulala, na hadithi ikiisha ametoka, wala hadhani kuwa amedanganywa. Nje ya hadithi tunalo neno dogo "eti", ambalo msemaji akiliweka mbele ya habari amejitoa udhamini. Tunayo "inasemekana", "huenda", "yasemwa na wazee". Huko Sempaya, ambako chemchemi mbili huitwa moja ya kiume na moja ya kike, mwongozaji aliyetupeleka alisimulia asili ya majina hayo kwa ladha isiyopungua ile ya kijana wa Chile, lakini alianza kwa kusema "wazee wa huku husimulia hivi," na alipofika kwenye matope ya moto aliacha wazee kando, akakaza sauti, akasema: "Sasa nasema mimi. Msikanyage hapa." Hatukusikia mtu akicheka.

Msomaji atakuwa ameona jinsi kuongoza na kuongopa yanavyokaribiana kwa sauti. Tulitamani sana kuandika kwamba maneno haya yametoka shina moja, na makala ingepata pambo zuri. Lakini hatuna ushahidi wa jambo hilo, na kalamu ilikuwa imekwisha kulianza sentensi tulipogundua kuwa tunafanya lile lile.

Na hatukuanza leo. Kwa miaka zaidi ya kumi tumekuwa tukiwaambia wanafunzi wetu kwamba Kilimanjaro maana yake ni kilima kinachong'aa. Tulilisema kwa sauti ya kanuni za sarufi, katika kipindi kile kile tulichofundisha ngeli. Ukweli ni kwamba "njaro" limewasumbua wachunguzi tangu wamisionari walipouandikia mlima huo katika karne ya 19: wako waliosema ni ukubwa, wako waliosema ni misafara, wako wanaosema ni pepo wa baridi, na wako wanaolitafuta neno katika Kichaga badala ya Kiswahili. Hata hilo "kilima" kwa mlima wa mita 5,895 ni kitendawili. Sisi tulichagua jibu tamu, tukalitoa bila "eti". Mwanafunzi mmoja, ambaye sasa ni mwalimu, alikuja siku moja kutuambia kwamba alilisoma jambo hilo katika kitabu akaona tulimpotosha. Kisha akauliza kwa adabu, kama na ile kanuni ya upatanisho wa vivumishi tuliyomfundisha naye aichunguze upya. Alikuwa anatania. Lakini tulipata joto masikioni, kwa kuwa tulikwisha kuisikia hoja hiyo, kitandani, huko Calama.

Tangu hapo tumejaribu kusema darasani kuwa maana ya Kilimanjaro haijulikani kwa hakika, tukayataja maelezo yote na waliyoyatoa. Hatutamficha msomaji kwamba kipindi hicho kimepoa. Wanafunzi huandika, hupiga miayo, na katika mtihani huyachanganya maelezo hayo. Darasa la zamani, tulilolidanganya, linakumbuka mlima unaong'aa hadi leo. Hatujui bado jinsi ya kuupatanisha ukweli na kumbukumbu, na tungefurahi kusoma katika toleo lijalo mawazo ya mwalimu aliyefanikiwa.

Yule kijana hatukumwandikia. Anwani yake tulikuwa nayo. Mara mbili tulianza barua ya kumweleza kilichonong'onwa garini, na mara mbili tulikomea kwenye salamu.

Mwezi wa Desemba uliopita tulikwenda Mbale kumtembelea Mwalimu, ambaye sasa amestaafu na amezungukwa na wajukuu. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Baada ya chakula watoto walimwomba awaonyeshe kovu, maombi ambayo yaonekana hufanywa kila afikapo mgeni. Akavua soksi. "Huyu," akasema kwa sauti ya chini, "alikuwa babu mmoja wa mbali sana, aliyekuwa akilia kwa baridi. Nilimkanyaga usoni, akanishika mguu." Hakusema paukwa. Watoto walikuwa wametumbua macho. Mdogo kuliko wote akatugeukia sisi, akauliza kama ni kweli. Mwalimu naye akatutazama, akingoja.

Tukamwambia mtoto kwamba maji yalikuwa ya moto kweli.